Ernest Hemingway: Mwandishi aliyerejea Nairobi na bega lililoteguka

Mwishoni mwa Januari mwaka wa 1954, Mmarekani mmoja mwenye ndevu nyeupe na majeraha ya moto kichwani aliketi katika chumba cha hoteli ya New Stanley, katikati mwa jiji la Nairobi, akisoma taarifa za kifo chake mwenyewe. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamekwisha kumzika kwa maneno matamu, na inasemekana aliyafurahia mno hata akawa akiyarudia siku baada ya siku.

Mtu huyo alikuwa Ernest Hemingway, mwandishi mtajika wa riwaya na hadithi fupi. Alikuwa amenusurika ajali mbili za ndege nchini Uganda katika muda wa siku mbili.

Furaha yake, hata hivyo, ilificha mengi. Fuvu lake lilikuwa na ufa, pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimeumia, ini na figo vilikuwa vimepasuka, na bega lake la kulia lilikuwa limeteguka. Kwa mtu aliyejipatia riziki kwa mkono wa kuandikia, hilo la mwisho halikuwa jambo dogo.

Maisha ya Hemingway yamesimuliwa mara nyingi kupitia vita, ndoa zake nne, uwindaji na chupa. Yanaweza pia kusimuliwa kupitia viungo vyake: goti, mkono na bega. Mara tatu mwili wake ulivunjwa vibaya, na mara tatu alitakiwa kufanya kazi ile ya polepole, isiyo na sifa wala mashabiki, ya kukirejesha kiungo katika hali yake. Mara mbili za kwanza aliifanya, ingawa kwa manung'uniko. Mara ya tatu, hapa Kenya, subira ilimwishia.

Alizaliwa Julai 21, 1899, katika mji wa Oak Park karibu na Chicago. Babake, Clarence, alikuwa daktari na mpenda uwindaji. Mamake, Grace, alikuwa mwanamuziki. Baada ya shule ya upili alifanya kazi kwa miezi michache katika gazeti la Kansas City Star, kisha akajitolea kuendesha magari ya wagonjwa ya shirika la Msalaba Mwekundu nchini Italia, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni.

Usiku wa Julai 8, 1918, kabla hajatimiza miaka 19, kombora lilianguka karibu naye huko Fossalta, kando ya mto Piave. Alikuwa amewapelekea wanajeshi chokoleti na sigara. Vipande vya chuma vilimjaa miguuni, na goti lake la kulia likaumia vibaya.

Alipelekwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Wamarekani mjini Milan, akakaa huko kwa miezi kadhaa. Huko ndiko alikompenda muuguzi Agnes von Kurowsky, na kisa hicho kikawa baadaye mbegu ya riwaya yake ya vita, A Farewell to Arms, iliyochapishwa mwaka wa 1929.

Kuna jambo jingine la Milan ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Baada ya upasuaji, kijana huyo alikuwa akienda katika hospitali kubwa ya mji huo, Ospedale Maggiore, kufanyiwa tiba ya viungo kwa mashine. Enzi hiyo vita vilikuwa vimeijaza Ulaya vijana wenye magoti yasiyokunjika na mikono isiyonyooka, na waganga walikuwa wakibuni vyombo vya kukunja na kukunjua viungo hivyo kwa saa nyingi, siku nenda siku rudi. Fani nzima ya tiba ya viungo, kama ijulikanavyo leo, ilikomazwa na vita hivyo.

Hemingway aliyaweka mambo hayo katika hadithi fupi iliyochapishwa mwaka wa 1927. Ndani yake majeruhi huketi kwenye mashine kila alasiri, daktari mchangamfu akiwaahidi kwamba watapona kabisa, naye meja mmoja wa Kiitaliano mwenye mkono uliosinyaa haamini hata neno moja, lakini haachi kuja. Pengine hakuna mwandishi mwingine mkubwa aliyeichukua tiba ya viungo akaifanya kitovu cha hadithi. Kwa vyovyote vile, goti la Hemingway lilipona, naye akatembea, akacheza ndondi na kuwinda kwa miongo mingine mitatu.

Kufikia mwaka wa 1930 alikuwa ameishi Paris, ameoa mara ya pili na kupata umaarufu. Novemba 1 mwaka huo gari lake lilipinduka karibu na mji wa Billings, Montana, akiwa na mwandishi mwenzake John Dos Passos. Dos Passos alitoka salama. Hemingway alivunjika mfupa wa mkono wa kulia, juu ya kiwiko.

Daktari mpasuaji aliufunga mfupa huo kwa ukano wa mnyama aina ya kangaruu. Hemingway alilazwa kwa wiki saba, na neva za mkono huo zilichukua hadi mwaka mmoja kupona. Ni katika kipindi hicho alipoonja kwa mara ya kwanza hofu ya mwandishi asiyeweza kuandika. Alingoja, mkono ukarudi, naye akarejea mezani.

Safari yake ya kwanza ya Kenya ilikuja miaka mitatu baadaye. Yeye na mkewe Pauline walishuka melini Mombasa Desemba 1933, wakapanda gari la moshi hadi Nairobi, na baada ya maandalizi wakaelekea Tanganyika wakiongozwa na Philip Percival, mwindaji mzoefu aliyekuwa na shamba upande wa Machakos. Gharama za safari zililipwa na Gus Pfeiffer, ami yake Pauline.

Haukupita muda akaugua kuhara damu kwa amiba. Hali ilikuwa mbaya hata ikabidi aletwe Nairobi kwa ndege, akatibiwa kwa sindano za emetini huku akipumzika New Stanley. Ndege ile ndogo iliyopita karibu na Kilimanjaro ndiyo iliyomzalia hadithi ya mwaka wa 1936 ya mtu anayekufa kwa kidonda cha mguu porini akingojea ndege ya kumwokoa.

Ni sadfa tu, lakini inafaa kutajwa: mwaka huo wa 1934, daktari mpasuaji wa Boston, Ernest Codman, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu bega na magonjwa yake. Yeye ndiye aliyeupa jina la bega lililoganda ule ugonjwa ambao Mfaransa Simon Duplay alikuwa amekwisha kuueleza mwaka wa 1872. Codman alikiri kwamba ni ugonjwa mgumu kueleweka na mgumu kutibu.

Bega linapoganda, utando unaokizunguka kiungo hicho huvimba, hunenepa na kujikunja, mithili ya ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Kwanza huja maumivu, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua lakini mkono hugoma kuinuka. Mwishowe, polepole sana, kiungo huachilia. Safari hiyo yote huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine.

Mkazi wa Nairobi huugundua katika mambo madogo. Mama hawezi kujifunga leso kwa nyuma wala kusuka nywele zake; mwanamume hawezi kutoa pochi katika mfuko wa nyuma wa suruali; abiria aliyesimama kwenye basi la Kawangware hulazimika kushikilia chuma cha juu kwa mkono wa pili.

Bega lililoteguka kwa ajali, kama la Hemingway, si ugonjwa ule ule. Lakini ni jirani yake wa karibu, kwani bega lililoumia likiachwa bila kusogezwa kwa majuma mengi laweza kukakamaa kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu wataalamu husema kiungo hiki kinataka mambo mawili yanayoonekana kupingana: kipumzishwe mwanzoni, kisha kisiachwe kulala.

Zoezi linalohusishwa na jina la Codman hadi leo halihitaji mashine yoyote. Mgonjwa huinama akiegemea meza kwa mkono mzima, akauacha ule unaouma uning'inie, kisha akaubembeza taratibu mbele na nyuma, halafu kwa duara, uzito wa mkono wenyewe ukikifungua kiungo. Baadaye huja kutambaza vidole ukutani kwenda juu, kidogo zaidi kila siku, na kuvuta taulo nyuma ya mgongo. Maji moto hutangulia. Wengine huhitaji sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya kiungo, na wachache hupasuliwa. Anayelazimisha kwa nguvu wakati maumivu yangali makali hujiongezea taabu.

Hemingway hakuwa mtu wa kubembeza mkono mezani.

Alirudi Kenya Agosti 1953 akiwa na miaka 54, safari hii na mkewe wa nne, Mary. Mwaka uliotangulia alikuwa amechapisha The Old Man and the Sea, hadithi ya mvuvi mkongwe wa Cuba ambaye kamba ya samaki inamkata mgongoni na mkono wake wa kushoto unamsaliti kwa kukakamaa katikati ya pambano. Kitabu hicho kilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1953.

Nchi aliyoikuta haikuwa ile ya 1933. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto. Barabara ya Hardinge, iliyopita ubavuni mwa New Stanley, ingekuja kuitwa Kimathi. Lakini wakati huo Dedan Kimathi mwenyewe alikuwa msituni Nyandarua akisakwa usiku na mchana. Jarida la Look la Marekani liligharamia sehemu ya safari na kumtuma mpigapicha. Percival, aliyekuwa amestaafu, alishawishiwa kutoka tena.

Kwa miezi kadhaa walipiga kambi kusini, katika maeneo ya Kajiado, zikiwemo chemichemi za Kimana chini ya Kilimanjaro. Hemingway alipewa cheo cha heshima cha askari wa wanyamapori, akakichukulia kwa uzito ambao wenzake waliuona kuwa wa kuchekesha.

Januari 21, 1954, yeye na Mary walipanda ndege ndogo aina ya Cessna katika kiwanja cha Nairobi West, kando ya barabara ya Lang'ata, ambacho tangu mwaka wa 1962 huitwa Wilson. Rubani alikuwa Roy Marsh. Safari hiyo ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa Mary, naye alitaka kuiona Afrika ya kati kutoka angani.

Siku mbili baadaye, juu ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Marsh alikwepa kundi la ndege akagonga waya wa zamani wa simu. Cessna ilianguka vichakani. Mary alivunjika mbavu, naye Hemingway akaumia bega. Walilala porini, na kesho yake mashua iliyokuwa ikipita mto Nile iliwachukua hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert.

Huko rubani mwingine alijitolea kuwapeleka Entebbe kwa ndege kubwa kidogo. Haikufika angani. Ilishika moto uwanjani. Mary na Marsh walipenya dirishani, lakini Hemingway alikuwa mnene mno kwa tundu hilo na mlango ulikuwa umekwama. Bega likimuuma, aliuvunja mlango huo kwa kugonga kwa kichwa chake.

Kitendo hicho kilimwokoa maisha. Pia huenda ndicho kilichomgharimu zaidi katika miaka iliyofuata, kwani fuvu lilipasuka, na kwa muda jicho moja na sikio moja havikufanya kazi ipasavyo.

Walifika Entebbe kupitia Masindi kwa barabara, na wanahabari wakapigwa na butwaa. Kisha Marsh akaja kumrudisha Hemingway Nairobi, kwa ndege. Alipanda. Wengine wangesema huo ni ushujaa. Wengine wangesema mtu huyo hakujua lini pa kukoma.

Nairobi hakulazwa hospitalini. Alikaa New Stanley, madaktari wakamshauri apumzike na aachane na pombe. Ya kwanza aliitii nusu, ya pili hakuitii kabisa. Wageni waliingia na kutoka, chupa zikafunguliwa. Mkono wa kulia haukumruhusu kuandika kama alivyozoea, hivyo akamwita katibu na kumsomea makala ndefu kuhusu ajali zile, ambayo Look ililichapisha miezi michache baadaye. Kwa mtu aliyeyapima maneno yake moja moja kwa penseli, kutunga kwa mdomo kulikuwa kama fundi kujenga kwa mikono ya mwingine.

Mwaka huo huo wa 1954 hospitali ya Wazungu ilifunguliwa upande wa magharibi wa katikati ya jiji, ile ambayo leo ni Nairobi Hospital. Waafrika walitibiwa katika hospitali iliyopewa mwaka wa 1952 jina la Mfalme George wa Sita, sasa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hata mkono uliovunjika ulikuwa na rangi katika Nairobi ya wakati ule.

Kilichofuata ndicho kinachowashangaza hata mashabiki wake. Kabla hata ya mwezi mmoja na nusu kupita tangu ajali, Hemingway aliondoka Nairobi kwenda Shimoni, pwani ya kusini, ambako kambi ya uvuvi ilikuwa imetayarishwa. Uvuvi wa samaki wakubwa ni kazi ya bega. Na bega hakuwa nalo. Mara nyingi aliketi tu kambini akiwatazama wenzake wakienda baharini.

Siku moja moto wa nyika ulizuka karibu na kambi. Akaamua kusaidia kuuzima. Alikuwa bado hana mizani nzuri mwilini, akaangukia ndimi za moto na kuungua miguu, kifua, midomo, mkono wa kushoto na sehemu ya chini ya ule wa kulia. Mkono uleule ambao ungestahili kuwa unabembezwa polepole katika chumba chenye kivuli.

Machi 1954 alipanda meli Mombasa kuelekea Venice. Huko Italia, nchi iliyomtibu goti akiwa kijana, ndiko orodha kamili ya majeraha ilipojulikana, nayo Mary akawaeleza marafiki. Waliomwona walisema alikuwa amezeeka ghafla.

Oktoba 28, 1954, ilitangazwa kwamba ameshinda tuzo ya Nobel ya fasihi. Aliwaambia wanahabari kwamba wapo wengine walioistahili zaidi, akiwemo Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, mahali panapoitwa sasa Karen. Alikuwa amemfahamu aliyekuwa mumewe, Bror, tangu siku za uwindaji. Hakwenda Stockholm kuipokea. Mwili haukumruhusu, na hotuba yake fupi ikasomwa na balozi wa Marekani.

Nyumbani kwake Cuba alikuwa na mazoea ya kuandika akiwa amesimama, taipureta ikiwa juu ya rafu, na aliogelea katika kidimbwi chake kwa ajili ya mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya viungo pekee aliyoivumilia, kwani ilifanana na mchezo. Lakini maumivu hayakumwacha, na pombe aliyoifanya dawa iliharibu ini ambalo tayari lilikuwa limejeruhiwa. Mwishoni mwa mwaka wa 1955 na mwanzoni mwa 1956 alilala kitandani kwa majuma mengi.

Baada ya hapo akili nayo ikaanza kuyumba. Alilazwa mara mbili katika zahanati ya Mayo, Minnesota, mwaka wa 1960 na 1961, akatibiwa kwa umeme, na akalalamika kwamba kumbukumbu zake zimefutwa. Alijitoa uhai nyumbani kwake Ketchum, Idaho, Julai 2, 1961, majuma machache kabla ya kutimiza miaka 62. Babake pia alikuwa amekufa kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa 1928.

Katika makaratasi aliyoyaacha kulikuwa na mswada wa kurasa zaidi ya 800 kuhusu Kenya, alioanza kuuandika baada ya kurudi Cuba mwaka wa 1954, bega likiwa bado lamsumbua, na kuuacha mwaka wa 1956 kabla haujakamilika. Mwanawe Patrick, aliyeishi Tanganyika kwa miaka mingi, aliufupisha na kuuchapisha mwaka wa 1999, karne moja baada ya babake kuzaliwa. Toleo kamili lilitoka mwaka wa 2005. Ndani yake mna Kimana, Kajiado na Kilimanjaro. Ajali za ndege hazimo, kwani simulizi linakoma kabla ya Cessna ile kupaa kutoka Nairobi West.